Kura ya Tano

Nyahanga, Kahama
15 Juni 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na Mama na presha yake? Mahindi mmemaliza kuvuna, au bado mnamsubiri kaka Masalu atoke kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule Nyarugusu, aje awasaidie? Kama mnamsubiri yeye, basi yatavunwa na nyani. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na mguu ulioteguka Machi umepona kabisa.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ukinyamaza tu, nami naishiwa maneno. Tena naomba uisome mwenyewe kwanza, taratibu, na miwani yako, kabla hujampa Mama.

Habari ya kwanza ni ile unayoniuliza kila Jumapili. Chuo chetu kimebadili ligi tena. Unakumbuka nilipoanza tulikuwa ligi ya vyuo vya Kanda ya Ziwa, tukishindana na Geita, Bukoba na hapo nyumbani Ushirombo. Kisha tukahamia Kanda ya Kati, mashindano yote yakawa Dodoma na Singida. Sasa mkuu wa chuo ametangaza kwamba tunarudi Ziwa. Wenzetu wametupokea, ingawa mwalimu wetu wa riadha, Bi Ghati, anasema tumepokewa kama mke aliyerudi mwenyewe na mizigo yake: mlango umefunguliwa, lakini maneno yapo.

Siku nilipokuambia tumehama, ulinicheka. Ulisema wewe ni Mgika, umecheza ngoma na Bagika miaka arobaini, na hata mwaka ule wapinzani wenu Bagalu walipowanyang'anya watazamaji kila uwanja hukuvuka kwenda kucheza upande wao. Sasa iweje chuo kizima cha wasomi kihamehame kama mfugaji anayefuata majani? Nilicheka nawe. Nikakujibu kwamba wakubwa ndio walioamua.

Baba, nimekimbia huko Kati mara tatu. Uwanja wa Dodoma ni mzuri, mistari imechorwa ikanyooka. Mwaka jana nilishika nafasi ya pili mita elfu moja na mia tano, nikakutumia picha ya medali. Sikukuambia kwamba mzunguko wa mwisho niligeuza shingo kutafuta kelele pembeni, ndipo msichana wa Singida akanipita. Watu walikuwepo, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyelijua jina langu. Nimekukumbuka sana. Nakumbuka njuga zako, na wewe na wenzako watatu mkirusha majembe juu na kuyadaka kando ya uwanja wa Ushirombo, mkinichezea kana kwamba nimelima ekari kumi peke yangu.

Sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mwanzo wa barua. Mwaka ule wa kwanza, nilipobakiza mita mia, uliingia kwenye njia ya mbio ukacheza mbele yangu, jembe begani, mpaka mwamuzi akakushika mkono akakutoa. Nilishinda, ila bwaloni waliniita Binti Jembe muhula mzima. Nikipita na sahani yangu, wavulana walibeba mafagio wakacheza. Niliona aibu, Baba. Niliona aibu kwa ajili yako.

Mwaka uliofuata nilichaguliwa waziri wa michezo kwenye serikali ya wanafunzi. Chuo kikatuachia tuamue wenyewe tubaki Ziwa au tuhame. Kamati ilipopiga kura, zilifungana nne kwa nne, ikabaki yangu. Nilisimama nikasema ligi ya Kati ina ushindani zaidi. Hilo lilikuwa kweli, lakini silo lililoninyanyua mkono. Niliunyanyua ili usije tena kunitazama.

Wakubwa hawakuamua kitu. Ni mimi. Na kila Jumapili uliponiuliza tunarudi lini, nilikudanganya.

Mashindano ya Ushirombo yatakuwa Novemba. Mimi namaliza chuo Julai. Wadogo zangu wa chuo watakimbia pale, mimi sitakuwemo, na natamani ile mbio moja kuliko medali zote nilizoleta kutoka Dodoma.

Naomba unisamehe, hata kama si leo. Masalu ameniambia Bagika na Bagalu mtashindana Agosti. Ukiniruhusu, nitakuja. Sitakaa nyuma na akina mama. Nitasimama mbele kabisa, na utakapoingia uwanjani nitaliita jina lako mpaka sauti inikauke, watu waulize yule binti ni wa nani, nami niwaambie.

Msalimie sana Mama, na shangazi Zipora na wote wa hapo nyumbani. Usipojibu nitaelewa, ila nitaendelea kungoja. Wabeja, Baba, asante sana.

Ni mimi binti yako,
Melania