Maua Matano ya Pembeni

Nurota, mwezi wa kumi

Mdogo wangu Hilola,

Assalamu alaikum. Hujambo, mwenzangu? Mumeo na watoto hawajambo? Mama mkwe wako naye, namwombea anywe chai yake bila kununa. Sisi hatujambo, ingawa hilo “hatujambo” nitalifafanua mbele. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yako huzungumzwa mbele ya nyumba nzima, na haya si ya nyumba nzima. Bi Roxila anakuja Kokand kumwona bintiye. Atakupa barua hii mkononi mwako.

Suzani ya kutundika ukutani uliyomtarizia binti yangu Nozima kwa harusi yake imefika. Wanawake waliikunjua uani, wakasifu makomamanga yake, kisha mmoja akauliza mbona pembe moja iko tupu. Nikacheka, nikamkumbusha mila: suzani ikimalizwa, na furaha ya nyumba imemalizika. Wakaridhika. Lakini Hilola, mila inataka tuache jani moja. Wewe umeacha maua matano, na mishono iliyo jirani nayo imelegea. Naujua mkono wa namna hiyo. Asubuhi vidole vinagoma kukunjika mpaka jua lipande, sivyo? Usinidanganye. Mimi nimeficha vyangu miaka sita kwa mila hiyo hiyo.

Sasa sikia yaliyonipata. Tulikuwa tunaanika zabibu, mkono wa kushoto ukaanza kuniuma toka begani, na pumzi ikawa fupi. Nikasema ni viungo vyangu vile vile. Nikapasha chumvi, nikaitia kwenye soksi, nikalala nayo begani. Nozima akataka kuita gari la wagonjwa. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akaita hivyo hivyo. Mtoto yule ana kichwa kigumu, Mungu amzidishie.

Hospitalini Daktari Sayyora akasema ni mshtuko wa moyo. Nilibisha, nikamwonyesha vidole vyangu, nikamwambia ugonjwa wangu uko hapa, si kifuani. Akavishika.

“Mama, moto ni huo huo mmoja,” akasema. “Unachoma vidole unavyoviona, na mishipa ya moyo usiyoiona.”

Akanieleza kwamba mwili ukijishambulia miaka mingi bila dawa, mishipa ya damu nayo huchakaa, hata kwa mwanamke mwembamba asiyevuta sigara. Kisha akaniuliza kama kuna mwingine nyumbani kwetu mwenye vidole hivi. Nikamkumbuka mama.

Hilola, siku aliyofariki wewe ulikuwa shuleni. Uliambiwa kazi ilimchosha, akaanguka. Hukuambiwa kwamba tangu alfajiri alilalamikia mkono wa kushoto. Baba alivaa viatu akamwite daktari, na mimi ndiye niliyemzuia. Nilisema ni vidole vyake vya kila siku, tusijitie aibu. Nikampaka mafuta ya mkia wa kondoo, nikamfunga chumvi ya moto. Mama alinishukuru, akasema mkono wangu mwepesi. Adhuhuri akaanguka kando ya tanuri. Wewe ulilia ukisema ungekuwepo ungemwita daktari. Nikakukumbatia, nikafunga mdomo. Ni miaka ishirini na miwili sasa. Sikujua, wallahi sikujua, lakini baba alikuwa ameshavaa viatu.

Nisamehe au usinisamehe, hiyo ni haki yako. Ila nenda kwa daktari wa viungo wiki hii hii, na umwambie akupime na moyo. Mama mkwe akiuliza, sema ni amri ya dada yako mkubwa, na akasirike.

Pembe ile sitaimaliza, wala sitaki mtu aishike. Siku ya harusi nitaitundika suzani ilivyo, na safari hii wakiniuliza sitataja mila. Nitawaambia kwamba mdogo wangu vidole vinamuuma, na ameshakwenda kupimwa. Tafadhali, usinifanye mwongo tena.

Wabusu watoto, na mumeo msalimie sana. Nozima anakuamkia.

Ni mimi dada yako,
Mavjuda