Waya Nyekundu Mahali pa Njano

Kaka Baluku, huko uliko,

Sikuulizi hali. Mtu mwenye simu mbili asiyepokea hata moja, hali yake lazima ni nzuri.

Mimi bado niko Bwera, kwenye duka letu, na bado ni fundi anayefuatwa na watu kutoka Karambi mpaka Kasese. Shule niliiacha katikati, lakini wenye digrii kompyuta ikiwashinda wanaileta kwangu. Nimefika Butembo, nimefika Kampala, nimekula samaki Mombasa. Unajua sitii chumvi. Haya, natia, lakini kidogo.

Nakuandikia kwa sababu ya ile kompyuta yetu ya zamani. Ndani yake kulikuwa na video ya mama, ile aliyokuachia wewe.

Ulikuwa umeshakwenda Iraki kulinda mageti ya watu. Mama alikuwa anakohoa, hatoki tena kitandani. Akaniambia niweke simu juu ya gunia la kahawa, niiwashe, halafu akanifukuza. "Toka inje, Bwambale. Hii ni ya Baluku. Mudomo yako inafika Mpondwe mbele ya miguu." Nikatoka. Nikaihamishia kwenye kompyuta bila kuitazama, mimi ambaye sijawahi kuacha kitu cha mtu bila kukichungulia. Hukuja kumzika. Nikasema sawa, siku moja atakuja kuitazama.

Basi umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira zake, saplai ya umeme ya kompyuta ikaungua. Nikanunua nyingine Kasese, ya mtumba. Kichwa cha waya wa bodi kikaingia vizuri, lakini diski inataka kichwa bapa, na hii saplai ina vile vya kizamani tu, vya matundu manne. Mimi nishindwe na hilo? Juu ya rafu kulikuwa na saplai mbovu yenye mkia wa waya wenye kichwa bapa. Nikaukata, nikauunga kwenye hii ya Kasese: njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikafunga kwa mpira wa tyubu, kama tulivyofanya wakati hatuna hata selotepu.

Wewe ndiye uliyenifundisha, tukigawana muhogo wa kuchoma mezani kati ya skrubu. "Rangi haidanganyi, mudogo wangu. Mutu ndiye anadanganya."

Nikawasha. Diski ikatoa mlio mmoja, halafu harufu.

Nikaupasua ule mkia, mpaka kwenye tyubu ya zamani uliyofunga wewe karibu na kichwa. Nikakuta waya nyekundu imeungwa mahali pa njano, na njano mahali pa nyekundu. Umeme mkubwa umepita njia ya mdogo. Hapo nikakumbuka. Panya walikuwa wametafuna mkia ule, ukauunga kwa vipande vilivyobaki, rangi yoyote iliyofika. Mimi nilikuwa nimekwenda kuleta chai, nikarudi ukiwa umeshafunga. Nikakuuliza umeungaje. "Kunywa chai yako. Hii naikumbuka mimi."

Uliikumbuka, kaka. Ukaondoka nayo kichwani, ukavuka nayo bahari.

Diski nimeipeleka Kasese, nimeipeleka mpaka Kampala. Wote wanatikisa vichwa. Alichokuambia mama hakuna anayekijua duniani, wewe wa kwanza. Nikiangalia ile waya natamani kukutukana kwa lugha zote ninazozijua, na najua nyingi.

Lakini kuna kitu kimoja. Aliponitoa nje sikuenda mbali. Niliweka sikio mlangoni, unanijua. Alisema chinichini, sikupata hata neno. Halafu akacheka, Baluku. Kile kicheko chake cha zamani, cha kujipiga paja, kabla kikohozi hakijamkata. Hakucheka tena baada ya hapo.

Sijamwambia mtu. Ni chako, nakupa. Huku mimi sina kingine cha kukuwashia.

Mdogo wako, yule mwenye mdomo,
Bwambale