Jina Lako Kwenye Simu ya Ofisi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limeacha kukusumbua, na mihogo ya kule bondeni inakauka vizuri. Mama naye, kifua chake vipi? Mimi huku Mwanza ni mzima, nakula, nalala, na shangazi hanigombezi sana. Nataka kukueleza kuhusu kazi, na humo ndani kuna jambo ambalo ana kwa ana nisingeweza kulisema. Unanijua.

Ofisi yetu iko ghorofani, hapa Mirongo. Bosi alikuwa mtu wa shirika la umma, na walipopunguzwa kazini akafungua kampuni yake ya kuuza nyavu. Ukumbi wetu una kampuni tatu, na wale wa mlango wa mwisho nao wanauza nyavu. Lakini simu ni moja kwa wote, maana kupata laini siku hizi ni kazi, na imewekwa juu ya meza yangu. Nimechukuliwa kwa majaribio, niwe msaidizi wa bosi.

Anayenifundisha ni Dada Konso, mpiga chapa wetu, mtu mzima mwenye sauti ya kwaya.

"Mlango wa bosi unagonga, unasubiri," aliniambia. "Akiwa na mgeni, chai anaanza mgeni. Akiwa hataki kuonana na mtu, usiseme amekataa, sema ametoka kidogo. Na simu ikilia, unasema ofisi ya Bwana fulani, unataja jina lake, ndipo unasalimia. Umenisikia, mtoto wa visiwani?"

Nilimsikia. Tatizo ni kwamba, Baba, bosi anaitwa jina lako, herufi kwa herufi. Na wewe unajua sijawahi kulitamka tangu nizaliwe. Shuleni nililiandika kwenye madaftari, walimu wakaliita, mimi nikajibu "nipo", basi. Hapa nikaanza kulikwepa. Nikishika simu nasema, "Ofisi ya mkurugenzi." Wa Nairobi wakipiga kwa Kiingereza sikuwa na woga hata kidogo, maana nasema "Director", na kwa Kiingereza hata hilo linasikika kama jina la mtu.

Siku moja akapiga mama mmoja mfanyabiashara wa Musoma.

"Mkurugenzi yupi?" akauliza.

"Wa hapa, mama."

"Binti, siku hizi wakurugenzi wamejaa kama dagaa. Taja jina."

Nikazungusha waya wa simu kidoleni. Akaita haloo, haloo. Mwisho nikasema, "Yule mzee wa nyavu." Kijana wa mlango wa mwisho alikuwa anapita. Akasikia nyavu, akachukua simu mkononi mwangu akiwa anacheka: "Mama, umefika, mzee wa nyavu ni bosi wangu!" Nikamwachia. Ndiyo, Baba, nilimwachia, na moyoni nilishukuru.

Wiki hiyohiyo bosi aliona marobota ya nyavu za wenzetu yakipita mbele ya mlango wake kushuka ngazi, na yule mama wa Musoma akiyafuata, mama ambaye alikuwa mteja wake tangu enzi za shirika. Akaniita.

"Uliambiwa useme nini ukishika simu?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Hujui jina langu?"

"Nalijua, mzee."

"Litaje."

Sikuweza. Dada Konso akasema kutoka kwenye mashine yake, "Bosi, huyu ni mwoga tu, si mjinga."

"Anaogopa nini? Mimi nauma?"

Hapo nikasema, kwa sauti ambayo sijui kama ilifika, "Ni jina la baba yangu."

Akaweka kalamu chini. "Yuko hai?"

"Yuko hai, mzee. Yuko Nansio, Ukerewe."

"Ukilitamka atakufa?"

"Hapana. Nitakuwa sina adabu."

Akaegemea kiti. Kisha akasema, "Mwanangu wa kwanza naye hajawahi kunitaja. Akinitaja leo, namchapa." Dada Konso akacheka mpaka akakosea herufi. "Lakini yeye," bosi akaendelea, "halipwi mshahara ili anitaje. Kesho simu ya kwanza nasimama hapa nasikiliza. Usipolitaja, Jumatatu natafuta mwingine."

Jioni ile nilishuka ziwani kwenye mawe, nikajaribu kulisema. Mara ya kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa nguvu. Mama mmoja aliyekuwa anafua karibu akainua kichwa. "Unamwita nani?"

"Baba."

"Yuko majini?"

"Yuko Ukerewe."

"Basi ongeza sauti," akasema, akaendelea kufua.

Nikaongeza, Baba. Nililia kidogo, kisha nikacheka na yule mama.

Asubuhi simu ikalia, na bosi amesimama mlangoni kama alivyosema. Nikainuka kwenye kiti, nikasimama wima kama unavyotaka tusimame ukiingia ndani, nikalitamka jina lako lote. Halafu nikasalimia. Aliyepiga alisema tu, "Ahaa, ndiye ninayemtaka."

Nilipoweka simu, bosi akauliza, "Na kusimama huko ni kwa nini?"

"Nimesimama kwa ajili ya jina, mzee."

Akasema, "Sawa. Simama. Mradi waniulizie mimi."

Tangu siku hiyo kila simu ikilia nasimama. Kijana wa mlango wa mwisho ananiita Askari wa Gwaride. Nimemwambia aendelee tu, nyavu hataziuza tena kupitia mkononi mwangu. Majaribio yamekwisha na nimeandikwa kazi.

Nakuandikia mapema kwa sababu watu wa Nansio wanapanda ngazi hizi kununua nyavu, na yupo atakayekuja kukuambia binti yako anakutaja mchana kutwa. Ni kweli, nakutaja. Kama nimekuumiza, niandikie unikaripie, nitapokea. Lakini kazi siiachi.

Nisalimie Mama, na bibi aliyenilea, mwambie dawa yake ya macho nitaituma kwa meli. Mdogo wangu asiguse baiskeli yangu. Mwalimu wangu wa Kiingereza mwambie kimenisaidia, ila si pale alipodhani.

Nyumbani wote, hata Mama, wanakuita kwa jina langu, Baba Nyangeta. Sasa na mimi huku nimelibeba lako, nikiwa nimesimama.

Ni mimi binti yako,
Nyangeta