Jirani Anayembeba Nasri

Mkonze, Jumapili

Dada Kudra,

Shikamoo. Nasri ameota meno mawili na uji wa ulezi anaumaliza wote.

Jirani yetu aliyefiwa na mwanawe huja kumbeba ninapofua. Nilifurahia msaada huo, lakini jana nilimkuta amemvisha Nasri nguo za marehemu, amempakata kifuani.

“Nipe mtoto,” nikamwambia.

“Subiri amalize kunyonya.”

Nilimpokonya. Tangu alipoondoka simu yangu siioni, ndiyo maana naandika. Seleman wa lori la mahindi atapita dirishani kuichukua barua hii.

Baba Nasri bado yuko safarini. Njoo na shemeji mtuchukue. Nimefunga komeo, ila jirani amekaa mlangoni tangu asubuhi, anambembeleza Nasri kwa jina la mwanawe. Nasri ameacha kulia, anamwitikia.

Mdogo wako,
Anifa