Kranberi Ziko Mlangoni, Programu Yangu Inasema Hazipo

Mpendwa Shangazi Verna,

Naomba msaada wako, na nakusihi unijibu upesi, maana ninavyokuandikia hivi sijui kama nina furaha au nina woga, nadhani ni vyote viwili, lakini furaha ndiyo kubwa, na hapo hasa ndipo tatizo langu linapoanzia.

Mimi ni mbunifu wa programu za simu hapa Duluth, Minnesota, na muda wote ambao wenzangu wamekuwa wakivua samaki chini ya barafu na kuoana, mimi nimekuwa nikibuni kitu kimoja tu, programu ya kuwasaidia wafanyakazi wa dukani wanaowakusanyia wateja oda zao, wale unaowaona wakisukuma toroli refu lenye vikapu vingi, kila kikapu cha mtu wake, wewe umekaa nyumbani na soksi zako unaagiza maziwa na mkate, wao ndio wanaokuzungukia. Zamani walikuwa wanafuata oda kama mteja alivyoiandika, maziwa, kisha sabuni, kisha wanarudi kulekule kwenye maziwa kumchukulia mtu mwingine, mpaka magoti yanalia, basi mimi nikaipanga programu iwaonyeshe njia moja tu ya kupita dukani, vizito kwanza visije vikaponda mkate, vya baridi mwisho visije vikayeyuka, oda za watu kadhaa kwa mzunguko mmoja, na kwenye skrini nikaweka kitufe kikubwa chekundu cha "Haipo" kwa ajili ya bidhaa iliyokwisha, na juu kabisa, kwa wazo langu mwenyewe kwa sababu ilipendeza, nikaweka saa inayohesabu, kijani ukiwa mwepesi, nyekundu ukizubaa. Shangazi, ni nzuri mno! Nikiifungua huitazama tu kama mama anayetazama kichanga.

Tukaijaribu katika duka moja la hapa mjini, jina nalihifadhi, na ikafanya kazi! Siku ya kwanza nilisimama karibu na ndizi nikawatazama wakipita, hakuna anayerudi nyuma, hakuna wanaogongana, nikalia palepale mbele za watu, mzee mmoja akaniuliza kama ndizi zimepanda bei. Kasi ikazidi kupanda, mpaka bosi wangu Bwana Corwin, mtu ambaye sijamwona akitabasamu ila timu yake ya hoki ikifunga, akanikumbatia ukumbini, akatangaza kwamba Jumatatu ya wiki ya Sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ya Novemba ambayo kila nyumba hula bata mzinga, oda zinapofurika, programu itaingia kwenye maduka yote ya kampuni, na keki imeshaagizwa. Halafu kuna rafiki yangu Lorna, tuliyesoma pamoja tangu utotoni, ambaye ni mkusanyaji pale dukani na ndiye mwepesi kuliko wote, picha yake imetundikwa mlangoni amevaa kofia ya bata mzinga, na mama yake huenda kununua chumvi asiyoihitaji ili aitazame tu.

Sasa sikia kilichonipata Jumapili iliyopita. Bibi yangu Ardis, ambaye huagiza vitu vyake vyote kwenye duka hilohilo, akanipigia simu, na hakuanza kwa salamu.

"We Solveig, Minnesota kumeingia njaa?"

"Njaa gani tena, Bibi?"

"Nimeagiza kranberi za kopo, matunda yangu mekundu ya mchuzi wa bata mzinga, hazipo. Boga la kopo, halipo. Vitunguu vya kukaanga vya kunyunyiza juu ya maharage, havipo. Mwezi wa Novemba! Baba yako ale bata mzinga mkavu kama mfungwa?"

"Labda vimekwisha, Bibi."

"Vimekwisha wapi? Huyo aliyesema vimekwisha akapimwe macho."

Nikavaa koti nikaenda, na ile kuingia tu mlangoni, Shangazi, nikakutana uso kwa uso na mlima wa kranberi za kopo. Mlima mzima! Na maboga, na vitunguu, vimepangwa kufikia kimo changu, juu yake kasimama bata mzinga wa karatasi. Kila Novemba maduka yetu huvitoa vitu hivi kwenye rafu zake na kuvirundika mlangoni, hata mtoto mdogo wa hapa anajua, mimi mwenyewe nimekua nikiuzunguka mlima wa namna hiyo huku nimening'inia kwenye toroli la mama yangu, na bado kwenye ramani ya programu yangu sikuuweka! Kwa hiyo programu inampeleka mkusanyaji kwenye rafu ya siku zote, anakuta wameweka supu za kopo, saa inageuka nyekundu, anabonyeza "Haipo", programu inamruhusu aende kwenye bidhaa nyingine, saa inarudi kijani, na mwisho wa siku anaonekana mwepesi ajabu, kumbe amepita na toroli lake ubavuni mwa kranberi zenyewe.

Nikamfuata Lorna kwenye friji za maziwa.

"Lorna, kranberi zipo?"

"Tele, pale mlangoni. Nimezipanga mimi mwenyewe, mgongo mpaka leo unaniuma."

"Mbona kwenye oda ya Bibi Ardis umebonyeza hazipo?"

Akaitazama simu yake, kisha akatazama jibini. "Shoga, hiyo saa yako ikigeuka nyekundu mtu unasahau hata jina la mama yako. Kurudi mlangoni ni kuanza safari upya. Nikibonyeza, inanyamaza. Wote tunabonyeza."

"Wote?"

"Ulitaka tubaki wekundu?" Kisha akanishika mkono. "Usiseme, tafadhali. Picha yangu iko pale nje, na mama keshaita majirani."

Utadhani nilivunjika moyo. Nilivunjika, lakini nilipofika kwenye gari nikapata wazo, na wazo lenyewe ni tamu hivi kwamba nilipiga honi bila kukusudia. Kitufe kingine! "Nimekiona hapa"! Mkusanyaji wa kwanza atakayekuta bidhaa imehamishwa anabonyeza mara moja, na simu za wenzake wote zinajua papo hapo, njia inajipanga upya, na mlima wa mlangoni unakuwa kituo cha kwanza cha kila mtu, iwe kranberi za Novemba au chokoleti za Pasaka au makaa ya kuchomea nyama yanaporundikwa kiangazi! Nilikichora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo cha gari nikakipiga picha kabla hakijayeyuka, na kazi yenyewe nimeshaianza, na inakwenda, Shangazi, inakwenda!

Lakini Jumatatu ndiyo hiyo inakuja. Nilimgusia Bwana Corwin kwamba kuna kitu cha kurekebisha. "Kikubwa?" Nikasema si kikubwa sana. "Basi kingoje Januari. Binti, usinichafulie keki." Hajui kwamba sehemu ya ile kasi anayoisifu inatokana na vitu ambavyo hakuna aliyevichukua. Nikimwambia, huenda akaifuta programu nzima, mtoto wangu afe kabla hajatambaa, na lazima atauliza ni akina nani waliobonyeza, na wa kwanza ni Lorna. Nikinyamaza, nitaitengeneza kimyakimya Januari na hakuna atakayejua, na ni makopo tu, si dawa ya mtu, watu watakula bata mzinga bila kranberi mwaka mmoja na maisha yataendelea. Au sivyo? Nishauri, maana nimefurahi mno kiasi cha kutojiamini.

Ni mimi,
Mchora Kitufe, Duluth


Mpendwa Mchora Kitufe,

Pumua kwanza. Mimi nimeisoma barua yako yote bila kupata pa kupumulia, na nimemwomba mhariri wa gazeti abadili majina yote na aitangulize mbele ya barua ya mwanamume anayegombana na jirani kuhusu theluji, kwa sababu theluji itakuwepo mpaka Aprili lakini Jumatatu yako haingoji.

Hongera, tena hongera ya dhati. Umewaondolea watu kazi ya kurudi nyuma dukani, na ukalia karibu na ndizi. Ninawapenda watu wanaolilia kazi yao. Hicho kitufe kipya nacho nimekielewa mara moja, mimi niliyeshindwa kubadili saa ya jiko langu, na kitu ninachokielewa mimi kitaeleweka na yeyote. Furaha yako ni halali kabisa, usimwombe mtu radhi kwa hiyo.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Kwenye barua yako umeilalamikia ramani, ukamwogopa bosi, ukamhurumia Lorna, na ile saa umeipita kwa maneno machache, "kwa sababu ilipendeza", ukaenda zako kama wakusanyaji wako wanavyoupita ule mlima. Mwanangu, ramani ilikosea jambo moja tu, kwamba kranberi zimehama. Saa ndiyo iliyowafundisha watu wazima, wenye akili zao, kuziona kwa macho na kusema hazipo. Wakubwa wetu walituambia haraka haraka haina baraka, wewe ukaipa rangi na kuiweka juu ya skrini. Hiyo saa iondoe. Kitufe chako kipya kitakufa njaa ukiiacha, maana nani atasimama kubonyeza "Nimekiona hapa" huku akiona wekundu unakuja?

Kuhusu Lorna, hutamtaja. Hujaombwa kuwa shahidi wa polisi. Mtu akibonyeza kitufe ulichokichora wewe, kikubwa na chekundu, katikati ya skrini, kwa kuikimbia saa uliyoiweka wewe, kosa ni la mchoraji. Bosi akiuliza nani, sema ni programu, na programu ni yako. Na siku kitufe kipya kikiwa tayari, wa kwanza kukibonyeza awe Lorna, mbele ya mlima alioupanga kwa mgongo wake. Picha yake ibaki palepale. Mama yake aendelee kununua chumvi.

Kuhusu Januari, acha ndoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe ukiyaficha yako utaumbuliwa na mabibi wa Minnesota nzima Alhamisi ya sikukuu, na hao hawana huruma, uliza huyo wako. Unasema programu itakufa ukisema ukweli. Nakwambia itakufa usiposema, maana duka linaloapa kwamba halina kranberi mwezi wa Novemba halitaaminiwa hata likisema lina mkate.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla ya Ijumaa. Usimpelekee Bwana Corwin chati wala maneno. Mwambie avae koti, mwende dukani, mpitie mlango wa nyuma. Mpe simu, mpe toroli, mpe oda ya Bibi Ardis, na umwambie, "Bosi, naomba ukusanye wewe." Saa iache iwake. Atafika kwenye rafu, atakuta supu, ataona nyekundu, na atabonyeza "Haipo", nakuhakikishia, kwa sababu mabosi ndio wasiopenda kuonekana wamechelewa kuliko watu wote. Akibonyeza usicheke. Mwongoze taratibu mpaka mlango wa mbele, msimamishe chini ya yule bata mzinga wa karatasi, kisha ufunge mdomo, jambo ambalo kwa barua yako naona litakuwa ndilo gumu zaidi.

Akishamaliza kuwa mwekundu yeye mwenyewe, mwombe saa izimwe na kitufe kipya kianze Jumatatu katika duka hilo moja, mengine yangoje kidogo. Akisema keki imeshaagizwa, mjibu kwamba keki italiwa tu, haijali ni maduka mangapi. Na kama ataifuta programu kwa hasira, ibebe kwapani utoke nayo kichwa juu, kwa sababu itakuwa programu inayosema kweli, na hiyo ina maduka mengi ya kwenda. Lakini sidhani ataifuta. Mtu anayejua kushangilia goli anajua pia kwamba goli la kuotea halihesabiwi.

Nimalizie na ulichoniambia kwamba ni makopo tu. Hukutaja jina la duka, umefanya vyema, nami sitalitaja. Ila tangu nifanyiwe upasuaji wa nyonga siendi popote penye barafu, na chakula changu chote naagiza. Juzi niliomba kranberi za kopo, boga la kopo, na vitunguu vya kukaanga. Nikajibiwa hazipo, halipo, havipo. Nikaamini. Nikampigia dada yangu, ambaye huu ni mwaka wake wa kwanza bila mumewe, nikamwambia kile chakula cha sikukuu nilichomwahidi sitakiweza, asijisumbue kuja, kila mtu ale kwake. Tulipokata simu nilikaa jikoni nikalia, mtu mzima mimi, kwa ajili ya makopo.

Dada yangu sijamwambia lolote jipya. Jumatatu asubuhi nitaagiza tena vitu vilevile, na mfuko ukifika nitaufungua hata kabla ya kuvaa miwani. Zikiwemo kranberi, nitajua umemwambia bosi, nami nitampigia simu dada yangu aje.

Wako mkali,
Shangazi Verna