Mstari wa Sarel

Jumamosi, 19 Novemba 2011

Joto la kuua Kimberley leo. Mume wangu Gawie alisema tunaingia dukani mara moja tu kuangalia GPS, kifaa cha kuonyesha njia, tukatoka njaa inauma. Muuzaji ni msichana wa kucha za kijani, mjomba hiki, mjomba kile. Akatuonyesha kifaa kipya chenye kioo kikubwa. Kinasema kwa lugha yetu, sauti ya kike. Kinaonya njia ikiwa mbovu, au ikiwa haipitiki wakati wa mvua. Kinachora mstari wa kila unakopita.

Gawie akauliza kama hakuna kisichosema.

"Kinasema ili usiondoe macho barabarani, mjomba."

"Wa kunisemesha garini ninaye."

Msichana akaniangalia kwa huruma. Nikamwambia asijali, huyu wa kwenye kioo angalau ana kitufe cha kumnyamazisha. Alicheka, Gawie hakucheka. Tumerudi mikono mitupu. Anasema lazima afikirie. Kwenda Kasane, Botswana, kwa binti yetu kula Krismasi, mwanaume anafikiria kama anayenunua shamba.

Jumapili, 20 Novemba

Nyama choma kwa akina Venter baada ya kanisa. Wanaume wa chama cha landikruza wote kuzunguka moto, na maneno ni yale yale — kifaa gani, ramani gani, nani kapita wapi. Hawa watu! Mtu atakuonyesha mkewe bila shida, lakini njia aliyoigundua mwenyewe anaificha kama chambo cha samaki.

Wakamkumbuka Sarel. Mwaka na zaidi sasa tangu afe, Agosti ya mwaka jana. Moyo, usingizini, kwenye hoteli ya Gweta huko Botswana, peke yake. Kila mtu ana hadithi yake ya Sarel. Ndiye aliyefundisha chama kizima kuendesha mchangani, na somo lake lilianza na kumalizika kwa neno moja: usiache gari. Ukikwama, ukipotea, ukifa kiu, usiache gari. Gari linaonekana, mtu haonekani.

Venter akasema Sarel alikuwa na njia yake ya kukata uwanda wa chumvi, kutoka Letlhakane hadi Gweta. Nusu siku unaokoa. Hakumwonyesha mtu.

"Hata wewe, Gawie, na urafiki wenu wote?"

Gawie akageuza nyama. Nilimwona shingo ilivyoiva kwa hasira. Alimuuliza Sarel hiyo njia miaka, na Sarel alikuwa anamcheka mbele za watu. Tukarudi nyumbani, akasimamisha gari getini. Halafu: "Kifaa chake atakuwa nacho Hester."

Jumatano, 23 Novemba

Tumekwenda kwa Hester, mjane wa Sarel. Nilipeleka biskuti ngumu za maziwa. Amekonda. Landikruza ya Sarel kaiuza, gereji kaipanda maua.

Gawie hakuzunguka, akaomba kifaa. Hester akasema kwanza hajui kilipo. Kisha akasema kimeharibika. Kisha akaenda chumbani akakaa sana, akarudi nacho ndani ya soksi ya Sarel. Gawie alikishika kama mtoto mchanga. Akatoka nacho nje juani, tukabaki wawili jikoni.

Hester alikuwa anasugua kikombe kisicho na uchafu. Akaniambia, "Safari zake zote zimo humo. Ile ya mwisho sijaifungua."

Nikamwambia pole, mwenzangu, mimi nisingeweza hata kukigusa.

"Mwambie Gawie apite lami, Corrie."

"Kwa nini?"

"Desemba ina mvua." Akaanza kusugua kikombe kingine. "Mwambie tu."

Nimemwambia. Kasema Hester hajawahi kushika usukani nje ya mji, atajua nini.

Ijumaa, 25 Novemba

Kifaa cha Sarel kiko mezani, kimechomekwa ukutani. Kizito, kioo kidogo, hakisemi. Kwenye nyufa za vitufe kuna unga mweupe. Nimeutoa kwa sindano ya cherehani, nikaonja kidole. Chumvi.

Gawie anafungua safari moja moja, anacheka peke yake, anasema "Mzee mjanja." Nikasogeza kiti. Mimi nimeshona sare za shule maisha yangu yote, mistari naijua. Kila safari ya Sarel ni mishono miwili, kwenda na kurudi, sambamba au kwa kuachana kidogo. Kalahari, miwili. Pwani ya magharibi, miwili. Msumbiji, miwili.

Ya mwisho, ya Agosti, ni mmoja. Unapanda kutoka Letlhakane, unaingia kwenye weupe, na kabla ya Gweta unaisha. Uzi bila fundo.

"Huu mbona haurudi?"

"Alikufa Gweta, mama. Atarudije?"

"Haufiki Gweta."

"Betri iliisha." Akazima kioo, akauliza chakula kiko wapi.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimeshinda nusu. Kile kipya kimenunuliwa. Lakini cha Sarel nacho kinakwenda, vyote viwili vitakaa kwenye kioo cha mbele. Kipya tumekiita Madam.

Marlize kapiga simu kutoka Kasane. Anauliza tutapita wapi. Baba yake akamwambia lami, Francistown, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimesimama pale pale. Alipokata simu nikamwangalia.

"Nini? Sijaamua bado."

Njia ya mwongo ni fupi, Gawie. Nimemwambia, na nimeandika hapa pia.

Jumatatu, 12 Desemba

Tumeondoka. Mpakani foleni ya Krismasi, kila gari lina trela na kila trela lina baiskeli. Gawie kakasirika kwa kupoteza muda. Tumelala Gaborone kwenye kambi yenye mbwa wengi. Madam kafanya kazi yake vizuri, kila kona kasema mapema. Gawie anambishia kwa sauti, halafu anafuata.

Jumanne, 13 Desemba

Letlhakane. Mchana wote nilikuwa nasubiri njia panda ya Francistown. Tulipofika Palapye Madam akasema nyoosha. Gawie akakata kushoto, Serowe. Hakuniangalia. Madam akaanza: geuka ukiweza. Geuka ukiweza. Gawie akachomoa waya.

Sijapiga kelele. Nimemwuliza taratibu, unakwenda kumwonyesha nani? Venter? Sarel kafa, hawezi kukuona.

"Alinicheka miaka kumi na mbili, Corrie."

Nilimhurumia, basi. Hilo ndilo kosa. Mwanaume wa miaka sitini na sita, ana vidonge vya presha mfukoni, na bado anashindana na maiti. Nikampa kahawa ya flaski.

Jioni nilitaka kumpigia Marlize nimwambie ukweli. Gawie akasema tutamshtukiza, tutafika kabla ya siku aliyotutegemea, ataona baba yake bado dume. Nikarudisha simu kwenye mkoba. Kaskazini kuna mawingu, mbali sana.

Jumatano, 14 Desemba

Geti la ukaguzi wa mifugo asubuhi. Mama mmoja wa serikali kanyunyizia magurudumu dawa, akatazama nyuma yetu barabarani.

"Mko gari moja tu?"

"Moja," Gawie kajibu.

"Huko watu wanakwenda mawili, mzee."

"Nina mwenyeji." Akagonga kifaa cha Sarel kwa kucha.

Mama yule akafungua geti. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo alivyokaa usoni, ingawa hakusema. Simu yangu ilipoteza mtandao kabla hatujaona vumbi la geti likitulia.

Mchana. Nitaandika vizuri, sina kingine cha kufanya.

Tumekwama. Uwanda ulikuwa mkavu na mgumu kama sakafu, Gawie anapiga mluzi, kidole chake juu ya mstari wa Sarel, hatukutoka nje yake hata upana wa gari. Halafu pua ya gari ikazama. Juu ni ganda la chumvi, chini ni tope jeusi linalonuka mayai viza. Magurudumu yote manne hadi ekseli. Tumechimba kwa sepeto, tumeweka mazulia ya miguuni, jeki ndefu imezama badala ya kuinua. Gawie uso mwekundu, midomo myeupe. Nimemlazimisha kukaa kivulini chini ya turubai.

Maji tunayo, mapipa mawili yamejaa. Chakula tunacho. Sarel angesema kaeni. Lakini kaeni mpaka nani aje? Marlize atatafuta gari letu kwenye lami ya Francistown, tena si leo wala kesho.

Baadaye. Nilikwenda nyuma ya gari kujisaidia, nikaona mbao. Tatu, zimezama nusu, kavu. Na karibu nazo alama pana za magurudumu ya trekta, ngumu kama saruji, zimekuja na zimerudi.

Nikamwita. Gawie alipoziona alifurahi mpaka akanishika mabega. "Alikwama hapa hapa! Unaona? Na akatoka!"

"Gari lilitolewa," nikasema. "Na trekta."

"Ndiyo. Na aliyeita trekta ni nani? Yeye!" Akakimbilia kioo, akakuza ramani, na kweli: mstari ulionyooka kutoka Letlhakane unafika hapa tulipo, kisha unakuwa mwingine. Mwembamba, unayumba. Mstari wa mtu anayetembea. Unaelekea mashariki. "Kuna kambi ya ng'ombe huko, mama. Alikwenda kwa miguu akaita trekta. Mimi nitafuata hatua zake, jua likipungua tu nitakuwa nimerudi na watu."

"Usiache gari, Gawie. Hilo nani alikufundisha?"

"Yeye mwenyewe aliacha. Alijua anakokwenda."

Nikamwomba kifaa. Nikaukuza ule mstari mpaka mwisho. Sina hesabu kubwa kichwani, lakini uzi naujua. Unakwenda mashariki kidogo, unapinda kushoto, unajikata wenyewe. Unazunguka. Unazunguka tena, mzunguko mdogo zaidi, kama cherehani iliyoshika nguo mahali pamoja. Hapo unaisha. Hakuna kambi, hakuna mti, weupe tu.

Nikamwambia: angalia. Kama alikwenda kuita trekta, angerudi juu ya trekta, na kifaa mkononi. Mstari ungerudi hapa. Haukurudi. Trekta ilikuja kuchukua gari, Gawie, na yeye walimchukua kule. Hakufa kitandani. Hester ameona aibu, mwalimu wa chama kizima kuacha gari. Ndiyo maana alisema lami.

Alinisikiliza. Naapa alinisikiliza. Kisha akasema betri iliisha. Na ile mizunguko? Alikuwa anatafuta mtandao wa simu.

Tumegombana kama hatujawahi. Nimemwita mpumbavu. Nimelia. Nimekaa juu ya viatu vyake, mwanamke wa miaka sitini na nne. Akanivuta taratibu, akanibusu kichwani, akasema anaogopa zaidi kukaa. Mawingu yamesogea. Mvua ikinyesha hapa, Corrie, hata hilo trekta halitafika. Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniumiza.

Kachukua chupa mbili za maji, kofia, na kifaa cha Sarel. Vidonge kasahau, nimeviona kwenye kiti.

Niko kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, naandika na kumtazama. Nimechomeka Madam. Kaamka, kasema geuka ukiweza, halafu kanyamaza. Kwenye kioo chake kuna mstari wetu, aliuchora hadi Palapye, na sasa kaweka kituo kipya hapa penye weupe, kauunganisha kwa mstari ulionyooka. Mmoja tu.

Nimepiga honi mara nyingi. Alikubali hilo angalau: nikipiga, asimame aangalie nyuma. Mara mbili za kwanza aliinua mkono. Ya tatu hakuinua.

Anakwenda mashariki. Ni mdogo sana sasa, mfupi, hewa inayocheza kwa joto inamkata magotini. Ngurumo nimezisikia, si mbali.

Anapinda kushoto. Pale pale ulipopinda mstari wa Sarel.

Napiga honi sasa kwa kiwiko, huku naandika, siachi.

Amesimama. Kutoka hapa sioni kama ameniangalia au amenipa mgongo.