Kipete cha Jicho la Kulia

Jumatatu, 3 Februari

Darubini mpya imefika. Hatimaye! Miaka mitatu ya barua, na barua zote nimeandika mimi. Ile ya zamani bomba lake la kulia liliota kuvu ndani, nikawa nafumba jicho na kuulinda msitu mzima wa kampuni kwa jicho la kushoto peke yake.

Hii ni ya aina ya poro, ile yenye mabega — vioo vya mbele vimetanuka, vya machoni vimekaribiana. Nzito. Inanuka mpira mpya. Kamba inakata shingo. Karatasi yake imejaa majigambo: picha angavu, yenye kina, eti mti wa mbele unajitenga na wa nyuma. Nimepanda ngazi zote za mnara nikihema, nimeiweka machoni — maziwa! Kushoto safi kabisa. Kulia kama mtu kapaka maziwa kwenye kioo. Na miti yote imebandikwa pamoja kama picha ya kalenda.

Kwenye jicho la kulia kuna kipete, kila mtu anakizungusha kulingana na macho yake. Nimekipeleka mpaka namba ya plasi mbili. Afadhali kidogo. Afadhali! Ndiyo tuliyoisubiri miaka mitatu?

Saa nane Shemeji kaja kupokea zamu. Ni mume wa mdogo wangu, na kazi hii nilimtafutia mimi. Kaiweka machoni, kapiga mluzi. "Shem, hii si darubini, ni dirisha! Miti imesimama mmoja mmoja kama watu kwenye foleni." Mnafiki. Anaisifia kwa kuwa ofisi ndiyo iliyonunua.

Jumanne, 4 Februari

Asubuhi nimeikuta kwenye plasi mbili, kama nilivyoiacha. Na kwa kulia sioni kitu!

Nimemngoja Shemeji hadi saa nane. Anakiri kwamba kipete yeye anakisogeza hadi sifuri, macho yake ndivyo yanavyotaka, ila jioni kabla ya kushuka anakirudisha kwenye namba yangu. "Kwani namba ni yai, shem, kwamba nikiishika itavunjika?" Sikucheka. Kitu kipya, siku moja tu, na tayari kimelegezwa.

Jumatano, 5 Februari

Nina hasira!

Saa tatu nikaona weupe upande wa kitalu cha miche. Nikainua darubini. Nikasema ni ukungu wa bondeni, upo kila asubuhi. Saa tatu na nusu redio ikalia: moto! Si mimi niliyewaita. Wao ndio walioniita mimi! Mlinzi wa mnara anapewa habari ya moto na watu walio chini!

Wameuzima kwa ndoo na matawi. Safu sita za miche zimekwisha. Mama anayesimamia kitalu kaungua kiganja. Alikuwa anaongea redioni huku analia, sijui kwa maumivu au kwa miche yake.

Miaka ishirini na moja sijawahi kukosa moshi. Hata mmoja! Nilimrukia Shemeji kabla hajamaliza ngazi. Nikamwambia kaniharibia jina. Nikamwambia vidole vyake haviwezi kutulia mahali pamoja. Kanisikiliza kashika kofia mkononi, kisha kauliza, taratibu, mara ya mwisho nilipima macho lini.

Macho yangu! Aliyekuja juzi ananiuliza macho yangu! Nilishuka bila kuaga.

Alhamisi, 6 Februari

Nimejaza fomu. Meneja tunamwita Bwana Fomu, maana kwake hata ukitaka kupiga chafya kuna fomu. Nimeandika kwamba mwenzangu anachezea kifaa cha kazi na ndiyo sababu moto haukuonekana mapema. Sahihi, muhuri, basi. Nimekula chakula changu chote.

Ijumaa, 7 Februari

Shemeji kasimamishwa. Kikao Jumatatu, na karani anasema huenda asirudi tena.

Mdogo wangu kapiga simu. "Dada, ni kweli ni wewe?" Nikamwambia kazi ni kazi, undugu baadaye. Kakata. Na akate! Si yeye aliyeaibika mbele ya redio nzima.

Zamu ya mchana kapewa dereva wa trekta. Kabla ya kumkabidhi darubini nimechora mstari kwa rangi ya kucha, kuanzia kwenye kipete hadi kwenye bomba. Kikisogezwa hata unywele mmoja, mstari utakatika. Mimi si mtoto wa kuchezewa.

Jumamosi, 8 Februari

Mstari mzima. Haujakatika popote. Na maziwa yako palepale.

Nimekaa nayo mapajani muda mrefu. Kisha nikaisogeza, bomba la kulia nikaliweka kwenye jicho la kushoto, nikageuza gurudumu la katikati kidogo. Safi! Nahesabu mabati ya kitalu moja moja. Nikaiweka chini. Nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja, nikatazama hivihivi. Kibao cha "Usivute Sigara" kiko hatua nne kutoka kitini pangu. Sikuweza kukisoma.

Jicho la laana! Miaka mitatu nimelifumba, nalo linaharibika kimyakimya, na mimi niko hapa naandika barua za darubini. Nyani haoni kundule — mara ngapi nimewaambia wengine hivyo? Nimeupiga teke mlango wa mnara. Kidole gumba kimevimba.

Jumapili, 9 Februari

Nikisema, mnara basi. Hakuna anayemweka huko juu mtu wa jicho moja, na wako sahihi. Nitapelekwa stoo nikagawe majembe. Nisiposema, Shemeji ndiye wa kuondoka.

Nimekwenda kwao, maneno nimeyapanga njia nzima. Mdogo wangu kafungua mlango, hakunikaribisha, karudi kwenye beseni lake la nguo. Shemeji alikuwa nyuma ya nyumba anagongea kiti misumari. Sijafungua mdomo, kaniwahi: kesho anakubali kosa. Atasema ndiyo, alichezea kipete, naye akiomba radhi labda watampa onyo tu.

"Wewe ndiye uliyenishika mkono, shem. Na siku nyingi naona unavyoshuka ngazi, mguu wa kulia unapapasa kwanza."

Siku nyingi! Kaona siku nyingi, kanyamaza! Nani kamtuma anihurumie? Nimemfokea mpaka mdogo wangu kaja mbio, mikono imejaa povu, kaniambia niondoke. Nimeondoka bila kusema nililoliendea. Ninaona aibu, na aibu yangu siku zote inatoka ikiwa matusi. Mama alikuwa hivihivi.

Jumatatu, 10 Februari

Benchi la korido, nje ya ofisi ya Bwana Fomu. Mdogo wangu kakaa mwisho wa benchi, pochi mapajani, haniangalii. Nilimsalimia, akaitikia ukutani.

Karani kaeleza utaratibu: mshtakiwa anaanza, mlalamikaji anaitwa baadaye kama kuna haja. "Akikiri, mama, wewe hutahitajika. Unaweza kurudi mnarani." Sitahitajika! Wamenipangia mpaka njia ya kutokea!

Shemeji kaingia, shati limepigwa pasi. Mlango haufungi vizuri, nasikia kila kitu. Bwana Fomu kauliza nani alizungusha kipete. Mimi, kasema. Kwa nini? Hapo kaanza kuongeza asiyoulizwa, hajui hata kudanganya: eti alikuwa anacheza tu, eti kazi ilimchosha. Anacheza! Mtu anayefuta vioo mara tatu kabla hajakabidhi! Mdogo wangu kainamisha kichwa.

Karani anamwambia arudie polepole, anaandika.

Naweka kalamu chini, naingia.